Babu Aliyekuwa Mrefu Kisha Akawa Mfupi

Kwetu Kibokoni, Mombasa, tulijulikana kama watu wa daktari wa meno. Daktari mwenyewe alikuwa babu yangu mzaa mama, na sisi wajukuu hakuna aliyewahi kumtia machoni. Alikwenda Jeddah mama akiwa na miaka minne. Aliacha mke, mtoto huyo mmoja na mama mzee, na baada ya mwaka ikaja barua, kwa mwandiko wa mtu aliyelipwa kuandika, ikisema yu mzima na amepata kazi ya meno. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha. Mtu mrefu, koti jeupe, amesimama nyuma ya kiti cha wagonjwa, mikono yake miwili imetulia juu ya mgongo wa kiti.

Kwa barua hiyo na picha hiyo nyumba nzima ilipanda cheo. Majirani wakaanza kumletea bibi meno yao. Bibi alikuwa mshonaji wa kofia, hana ajualo juu ya magego, lakini aliona haya kuwafukuza wagonjwa wa mumewe. Aliwapa maji ya chumvi na karafuu wasukutue, akawaambia warudi baada ya siku tatu. Wengine walipona, na sifa ikaenda kwa babu.

Mama alipofika miaka kumi na minne kikaja kifurushi. Kilikuwa mkebe wa tende, na katikati ya tende, yamefungwa kwa kitambaa cheupe, meno ya bandia, ya juu na ya chini, zawadi ya babu kwa mama yake. Hakuna aliyempima yule mzee kinywa. Yalikuwa meno ya mtu mkubwa, pengine mwanamume wa mabega mapana, na alipoyavaa midomo yake haikukutana tena. Hakuweza kutamka herufi yoyote inayotaka midomo ifungwe. Akikukaribisha ndani alikosa b, na wifi zake aliwasalimia kwa majina yaliyokatwa vipande. Lakini aliyavaa kila harusi, akakaa mbele, akatabasamu tangu nikaha mpaka watu wakatawanyika, kwa kuwa hata angetaka kuacha kutabasamu asingeweza.

Baada ya meno ikaja barua moja zaidi, fupi. Kisha kimya. Bibi alingoja miaka mingi, akafa anangoja, na hakutaka khitma isomwe kwa ajili ya mume ambaye hakuna aliyemwambia kuwa amekufa.

Mimi nilikwenda Riyadh kwa mkataba wa kazi ya maabara katika hospitali moja. Napima damu na mkojo. Ila ikama yangu, kile kitambulisho cha mgeni mkaazi ambacho bila hicho huwezi hata kununua laini ya simu, inasema mimi ni fundi wa mazulia. Nilipomwuliza mtu wa ofisi yetu kwa nini, alinitazama kwa mshangao.

"Mazulia yana ubaya gani?" akasema.

Nikaachana naye. Mkataba ulikuwa wa kweli na mshahara ulikuwa wa kweli, na hakuna aliyewahi kuniletea zulia.

Mama hakuniomba dhahabu wala manukato. Aliniomba kaburi. "Uko nchi ile ile, mwanangu," alisema kwenye simu. "Nitafutie alipolala baba yangu. Nataka kujua tu." Nikamweleza kwamba Riyadh na Jeddah ni mbali karibu kama Mombasa na Kampala. Akasema, "Sasa, mimi niko mbali zaidi yako."

Nikaanzia Riyadh, kwenye ofisi moja ya serikali, nikiwa na jina lake kamili na nakala ya pasi yake ya zamani. Afisa alikuwa kijana mpole. Aliandika, akangoja, akaandika tena.

"Yupo," akasema.

"Amezikwa wapi?"

"Hajazikwa. Hakuna kifo hapa. Aliingia, hakutoka. Ikama yake imekwisha siku nyingi." Akageuza kiti kunitazama vizuri. "Babu yako ni mtoro."

Nikamwambia mtu huyo angekuwa na miaka tisini na tatu.

"Ndiyo, naona hapa," akasema kwa huruma. "Mwambie asiogope. Akija mwenyewe hafungwi. Atapewa tiketi ya kurudi kwao bure."

"Nadhani amekufa."

"Kama amekufa, aje na cheti."

Nilitoka pale bila kaburi, na nikiwa jamaa wa pekee anayejulikana wa mtoro wa miaka tisini na tatu. Usiku ule sikumwambia mama. Nilimpigia rafiki yangu wa Jeddah, mwanamke wa Bungoma tuliyejuana kwenye foleni ya kufanya upya pasi, anayefanya kazi za ndani kwa mjane mmoja mtaa wa Al-Rawdah.

"Hiyo niachie," akasema. "Tuko na group ya wasichana wa huku. Nitatuma voice, wewe relax."

Alituma. Kabla ya siku mbili kupita nilikuwa nimepata babu watatu. Mmoja alikuwa Msomali mwenye duka la simu, na alikuwa na umri wa mama yangu. Wa pili alikuwa amekufa, lakini mwaka jana, na alikuwa Mhindi. Wa tatu alikuwa mzee wa Karantina, upande wa kusini ambako Waafrika wengi wasio na kitu huishi. Msichana aliyetuma habari yake alisema, "Huyu anajiita jina hilo hilo lenu, lote, mpaka la babu yake."

Nikachukua likizo ya siku nne, nikapanda ndege.

Rafiki yangu alikuwa ameomba ruhusa ya saa tatu kwa madam wake. Madam akauliza za nini. Akaelezwa. Alikuwa mama aliyepita makamo, magoti mabovu, mwenye kushinda sebuleni na tamthilia za Kituruki. Akazima televisheni, akaita dereva, akavaa abaya. "Yalla," akasema. "Nakuja." Kwa hiyo tuliondoka watu wanne: madam mbele pamoja na dereva wake, Mpakistani wa maneno machache, na sisi wawili nyuma. Rafiki yangu alinong'ona kwamba katika miaka mitano hajamwona madam akiharakisha hivyo, hata kwenda hospitali.

Madam aliamua tuanze na anwani iliyokuwa nyuma ya bahasha ya babu: Bani Malik, nyuma ya kiwanda cha barafu, kwa daktari wa meno. Kiwanda cha barafu hakipo. Pale pana maghorofa ya zamani yaliyojaa wafanyakazi wa kila nchi, nguo zimeanikwa kila dirisha. Madam aliteremsha kioo, akawauliza watu kumi, na wa kumi akatuonyesha kinyozi Myemeni aliyekuwa na kibanda chake hapo tangu ujana.

Kwa muda mrefu kinyozi aliitazama picha ya babu niliyokuja nayo. "Huyu namjua. Msawahili. Alifanya kazi hapo juu kwa daktari wa meno."

"Yeye mwenyewe ndiye alikuwa daktari," nikasema.

Mzee akacheka bila ubaya. "Daktari alikuwa Mturuki, mtu mdogo hivi, mikono kama ya mtoto. Huyu alikuwa mshika vichwa."

Nikadhani Kiarabu changu cha hospitali kimenipotosha. Rafiki yangu akatafsiri kwa Kiarabu chake cha jikoni, na madam akatafsiri tafsiri yake, ikarudi pale pale. Kinyozi akaona ni rahisi kutuonyesha. Akamwita dereva, akamkalisha, akamzungushia mkono shingoni, akakikumbatia kichwa chake kifuani kama mtu aliyebeba tikitimaji. Dereva alivumilia, macho yamemtoka.

"Hivi," akasema kinyozi. "Ukiwa hapa huendi popote. Sindano siku zile ilikuwa ghali, na Mturuki alivuta taratibu. Basi Msawahili anakushika na kukuimbia sikioni, kwa lugha yao, mpaka jino litoke. Mimi nilitolewa mawili. Watu walitoka Makka kuja kushikwa na yeye."

Madam aliniuliza kama nimesikitika.  Maisha yangu yote nilikuwa mjukuu wa daktari, na sasa nikawa mjukuu wa mikono miwili iliyomo kwenye picha, na picha haikuwa imedanganya hata kidogo. Barua pia haikudanganya. Alisema amepata kazi ya meno.

"Alikwenda wapi baadaye?" nikauliza.

"Mwanzo alikuwa mrefu," akasema kinyozi. "Halafu akawa mfupi."

"Akawa mfupi vipi?"

"Niliondoka kwenda kwetu kuoa. Niliporudi, Msawahili ni yule yule, jina lile lile, koti lile lile, lakini mfupi, na haimbi. Nikawaza, watu hubadilika. Kisha Mturuki akaenda zake, na Msawahili akahamia moja kwa moja Karantina." Akamwachia dereva. "Huyu ana gego bovu, mwambieni."

Ndani ya gari madam akatamka kwamba hii ni bora kuliko tamthilia, na kwamba tusikae hapa tukipoteza wakati.

Karantina tulimpata bila shida. Aliishi chumba kimoja uani, mlango wa bati uko wazi, ameketi juu ya godoro jembamba akichambua maharage. Alikuwa mzee mfupi, mwembamba, ndevu nyeupe kidogo. Rafiki yangu akamtajia jina la babu, na mzee akaitika. Kisha akaniona mimi.

"Ndoo, mwanangu," akasema. "Watoka Mombasa kwa ndia gani? Una ndaa?"

Nilishika fremu ya mlango. Watu wa rika langu hawasemi tena hivyo, ndoo kwa njoo, ndaa kwa njaa. Bibi alisema hivyo, na wazee wachache wa rika lake, na wamekwisha. Hapa alikuwa mzee mwenye sura ya watu wa Chad, kwenye chumba cha bati Jeddah, anazungumza Kimvita cha mtu aliyeondoka Kibokoni zaidi ya miaka sitini iliyopita, bila neno moja jipya ndani yake.

"Wewe si babu yangu," nikasema.

"Si yeye," akakubali. "Ila nimekuwa yeye muda mrefu kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe."

Akatuandalia pa kukaa. Madam alipewa kiti cha pekee, sisi tukakaa mkekani, na mzee akasimulia, mara Kiswahili kwangu, mara Kiarabu kwa madam. Alikuja kuhiji kwa miguu na malori akiwa kijana, akabaki, hana karatasi hata moja. Babu alimchukua wakaishi pamoja. Miaka minane walikula sahani moja, na jioni zote babu alisimulia Mombasa, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Ndipo alipojifunza lugha. Kisha babu akapata homa. Siku ya tano akamwita karibu.

"Akaniambia, nikifa twaa ikama yangu, nawe utembee kama watu. Lakini ukiitwaa ikama, na barua ni zako. Mke wangu huandika. Usimwache bila jibu."

Alikufa asubuhi. Wakaja watu wa kuandikisha, wakauliza aliyekufa ni nani.

"Nikawaza, huyu ikama haimfai tena," mzee akasema. "Nikawaambia aliyekufa ni mimi."

Madam aliomba arudie hapo. Akarudia. Madam akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa na uhakika, "Kwa hiyo wewe umezikwa?"

"Naam. Mimi nimezikwa, yeye yu hai."

"Na serikali inamtafuta," nikasema.

"Yaani bado?" Akaonekana kuguswa, kama mtu aliyedhani wenzake wamemsahau.

Nilimwuliza juu ya meno. Alikuwa amesubiri swali hilo. Barua ya bibi ilikuja babu akiwa tayari kaburini, ikieleza kwamba mama mkwe hana tena jino na inakuwaje mwanawe daktari asimtengenezee. Yeye wakati huo ameshika kazi ya babu, anashika vichwa bila kuimba, na wateja wanapungua. Akamweleza Mturuki. Kabatini mlikuwa na meno yaliyoagizwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa hajarudi kuyachukua. Mturuki akampa. "Nikayafunga vizuri," akasema. "Yalimfaa?"

"Aliyavaa kila harusi."

Akatabasamu, akatazama chini. Kisha nikamwuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu Bani Malik, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nilimwuliza kwa nini aliacha kuandika. Nilimwambia bibi alingoja mpaka akafa. Kwamba alikuwa na umri mdogo, angeweza kuolewa tena, angeweza kulia akamaliza.

Rafiki yangu akanishika mkono. Mzee alizitazama punje za maharage kiganjani mwake.

"Barua ya mwisho aliuliza narudi lini," akasema. "Hapo nikashindwa. Ningerudije mahali nisipopata kufika? Na kuandika kuwa nimekufa, nikaona, mtu huandikaje hilo, na mkono ni wake? Kila mwezi nikasema mwezi ujao." Akazirudisha zile punje kwenye ungo. "Nimekosa, mwanangu. Nalijua."

 Nilimpigia mama kwa video, nikamweleza kwa ufupi, vibaya, nikirukaruka, kisha nikamgeuzia mzee simu. Wakatazamana. Mama alikuwa jikoni, kijiko mkononi.

"Wewe ni nani?" mama akauliza.

Akataja jina lake la kuzaliwa. Alilitaja polepole, kama mtu anayesoma kibao cha duka kwa mbali, na ilionekana lilimchukua muda kuamini kwamba ni hilo.

"Baba yangu aliwaimbia nini hao wagonjwa?"

"Ule wa kukulaza wewe," mzee akasema. "Hakujua mwingine."

Mama akaweka kijiko chini. Mimi nikawaona wale wanaume wa Makka na Bani Malik, wachuuzi, mahamali, askari wenye masharubu, kila mmoja kichwa chake kifuani kwa babu, mdomo wazi, akiimbiwa wimbo wa kumlaza mtoto wa miaka minne aliye ng'ambo ya bahari. Mzee hakuweza kuuimba, hana sauti, lakini alimsomea maneno yake yote, na mama akayafuata kwa midomo. Wakazungumza mpaka moto wa jikoni Mombasa ukamlazimu mama akate.

Kesho yake tulikwenda makaburini, sote, pamoja na mzee. Wanawake hatuingii kule, kwa hiyo madam, rafiki yangu na mimi tulibaki ndani ya gari lililoegeshwa kando ya ukuta, na dereva akatumwa amsindikize mzee na kumsomea babu fatiha kwa niaba yangu. Makaburi ya huko hayana majina. Ni udongo na jiwe. Kupitia lango tuliwaona wakibishana. Mzee alisema ni safu ya tano, kisha ya sita, kisha akasimama akakuna ndevu. Dereva akanipigia simu.

"Mzee anasema ni hapa au pale," akasema. "Nisome wapi?"

"Soma kote kuwili."

"Na kule kwingine anasema huenda."

"Na kule," nikasema.

Akasoma mara tatu. Madam aliinua mikono yake ndani ya gari, nami nikainua yangu. Rafiki yangu, ambaye kwao ni watu wa kanisa, aliniuliza kwa sauti ya chini afanye nini.

"Sema amina tu," nikamwambia.

Akasema amina. Kisha akaongeza sala yake mwenyewe, ya Kibukusu, ndefu kuliko zetu, na madam akaiitikia kila alipopumua, bila kujua alichokuwa akiitikia.

Sikurudi kwenye ile ofisi ya serikali Riyadh. Nilifikiria kurudi, nikafikiria foleni na yule kijana mpole, na jinsi nitakavyoanza kumweleza kwamba mtoro amekufa na marehemu yu mzima, na kwamba mimi ninayesema haya ni fundi wa mazulia. Mama alisomesha khitma mwezi uliofuata, Kibokoni, watu wakajaa mpaka barazani. Nilimwuliza amewaambia nini watu kuhusu kazi ya babu. Akasema amewaambia ukweli, na kwamba mzee mmoja jirani alimjibu kuwa hata yeye angependa kushikwa kichwa na mtu anayejua kuimba, kuliko kupona.

Mzee wa Karantina hunipigia kila Ijumaa baada ya swala, kwa simu aliyonunuliwa na madam. Anauliza kama Riyadh kuna vumbi. Ananisahihisha Kiswahili changu, anasema kimeharibiwa na shule. Juzi aliuliza kama nina mchumba. Nikamwambia yupo mmoja, wa Tanga, mhasibu, bado tunazungumza.

"Mimi kisheria sina sauti," akasema. "Ni mzaa mama, siwezi kukuoza. Lakini na aje niuone uso wake."

Nikamwambia nitamleta. Akaniuliza kama ni mrefu.